Mandhari na Mazingira: Istilahi za Kuchambua Sinema ya Mahali Funge

Utangulizi

Uchambuzi wa fasihi kwa Kiswahili umekwisha kujipatia istilahi za kutosha katika riwaya, tamthilia na ushairi. Mwalimu afundishaye riwaya hatatizwi tena na maneno kama fani, maudhui, dhamira, wahusika na mandhari, na wanafunzi wake wameyazoea tangu shule ya sekondari. Sinema, kwa upande wake, imekuwa ikiazima istilahi hizo bila kuzipima. Mara nyingi uazimaji huo hauleti madhara. Lakini iko aina moja ya sinema inayodhihirisha upungufu wake mapema, nayo ni ile ambayo hadithi yake yote, au karibu yote, hutendeka mahali pamoja ambapo wahusika hawana ruhusa au uwezo wa kuondoka.

Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi tatu zitumikazo katika uchambuzi wa sinema ya namna hiyo, yaani mandhari, mazingira na mhusika, na kupendekeza jina la aina yenyewe. Mwishoni tutagusa maneno machache ya mahakama ambayo mfasiri hawezi kuyakwepa. Mfano wetu ni sinema iitwayo 12 Angry Men, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1957. Tumeichagua kwa kuwa inafahamika sana, na kwa kuwa ndani yake uhai wa mtu umefungamana na maana ya maneno. Mfasiri akikosea neno moja, hadithi nzima hulegea.

Sinema yenyewe

Hadithi hii iliandikwa na Reginald Rose, kwanza kama mchezo wa televisheni uliorushwa mwaka 1954. Sinema iliongozwa na Sidney Lumet, na hiyo ndiyo iliyokuwa sinema yake ya kwanza. Mpigapicha alikuwa Boris Kaufman, na mwigizaji anayejulikana zaidi ndani yake ni Henry Fonda. Urefu wake ni dakika 96. Isipokuwa dakika chache za mwanzo na za mwisho, hadithi yote imo katika chumba kimoja cha mahakama mjini New York, pamoja na maliwato yaliyo ubavuni mwa chumba hicho.

Wanaume kumi na wawili wamekwisha kusikiliza kesi ya kijana wa miaka 18 anayeshtakiwa kwa kumuua baba yake kwa kisu. Sasa wamefungiwa chumbani ili waamue kama ana hatia au hana. Uamuzi wao sharti uwe wa kauli moja, na wakimwona ana hatia, adhabu ni kifo. Kura ya kwanza inapigwa: kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasema hana. Huyo mmoja hadai kwamba anajua kijana hakuua. Anachodai ni kwamba maisha ya mtu yanastahili kuzungumzwa kwanza. Mazungumzo hayo ndiyo sinema.

Mahali finyu na mahali funge

Swali la kwanza ni jina la aina hii ya sinema. Wako wanaoiita sinema ya chumbani, wengine sinema ya mahali finyu. Majina yote mawili yana kasoro. Jina la kwanza linataja mahali pa aina moja tu, hali sinema za namna hii hutendeka pia katika mashua, katika lifti, katika gari la moshi au katika nyambizi. Jina la pili linataja ukubwa wa mahali, na ukubwa si kiini cha jambo.

Hebu tutazame mifano mitatu. Katika Lifeboat ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock, manusura wa meli iliyozama wamo katika mashua katikati ya bahari. Pande zote jicho linaona upeo mpana, wala hakuna ukuta hata mmoja, lakini hakuna awezaye kutoka. Katika Rope ya mwaka 1948, ya mwongozaji huyo huyo, matukio yako katika nyumba moja, lakini wageni huingia wakala, wakaaga, wakaenda zao. Katika Das Boot ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, mabaharia wa Ujerumani wamo ndani ya nyambizi ambamo hata kupishana ni shida, na nje ni maji matupu.

Mashua ni mahali funge pasipo kuwa finyu machoni. Nyumba ya Rope ni mahali pamoja, lakini kwa wageni si funge. Nyambizi ni funge na finyu kwa pamoja. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu zitengwe: mahali pamoja, kwa hadithi isiyohamahama, mahali finyu, kwa udogo wa nafasi, na mahali funge, kwa mahali ambapo mhusika hawezi kuondoka hata akitaka. Kivumishi funge si kigeni, kwani walimu wa sayansi wamekwisha kukitumia wanaposema mfumo funge. Aidha, kinatuepusha na neno kifungo, ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuwa ni adhabu ya jela.

Chumba cha 12 Angry Men ni mahali funge kwa maana kamili. Askari wa mahakama anafunga mlango kwa nje, na mjumbe mmoja anashtuka kidogo kusikia ufunguo ukizungushwa. Tangu hapo mtu atakayechoka na maneno ya mwenzake hana pa kwenda ila dirishani au maliwatoni.

Kutoka mandhari hadi mazingira

Hapa tunafika penye kiini cha makala haya. Vitabu vingi vya shule hutumia mandhari na mazingira kana kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Katika riwaya mchanganyiko huo huvumilika. Katika sinema ya mahali funge hauvumiliki, na asili ya maneno yenyewe inatuonyesha kwa nini.

Mandhari ni neno la asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutazama. Ni ndugu wa nadhari na nadharia. Basi mandhari ni kile kinachotazamwa. Mazingira yametokana na kitenzi chetu zingira. Basi mazingira ni kile kinachozingira. Mandhari yako mbele ya macho ya mtu. Mazingira yako pande zake zote, naye yumo ndani yake. Mtu aweza kuyapa mandhari kisogo. Mazingira hayapewi kisogo, kwa kuwa nyuma pia yapo.

Tukiichambua sinema yetu kwa tofauti hii, tunaona jambo ambalo neno moja lisingetuonyesha. Mwanzoni chumba ni mandhari. Tunaona meza ndefu, viti, madirisha, feni ukutani, na nje majumba ya mji. Wajumbe nao wanakitazama hivyo: mmoja anasimama dirishani, wengine wanafungua madirisha, wanalalamika juu ya joto, wanajaribu feni na kuona haifanyi kazi. Chumba hakijamgusa mtu. Lakini kadiri saa zinavyokwenda, vitu hivyo hivyo vinaacha kutazamwa tu na kuanza kuwazingira watu. Joto linawalowesha mashati na kuwapunguzia subira. Mbingu inatanda, mvua kubwa inanyesha, chumba kinaingia giza, taa zinawashwa. Hapo ndipo feni inapozunguka, kumbe ilikuwa katika swichi moja na taa. Wakati huo kura zimefikia sita kwa sita. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba hali ya hewa ya chumba na hali ya mawazo ya watu zimegeuka pamoja.

Mwongozaji aliyafanya mageuzi hayo kwa kamera. Lumet alieleza katika kitabu chake Making Movies cha mwaka 1995 kwamba theluthi ya kwanza ya sinema ilipigwa kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili katika usawa wa macho, na theluthi ya mwisho chini ya usawa huo. Kwa sababu hiyo, kuelekea mwisho dari inaanza kuonekana. Kadhalika alitumia lenzi ndefu zaidi kadiri hadithi ilivyosonga, nazo lenzi ndefu huufanya ukuta wa nyuma uonekane kama umesogea karibu na mtu. Chumba hakikupungua hata inchi moja, lakini machoni mwa mtazamaji kuta zimekaribia na dari imeshuka. Katika picha ya mwisho, nje ya mahakama, alitumia lenzi pana, na mtazamaji anavuta pumzi pamoja na wajumbe.

Hivyo tunapendekeza mchambuzi aulize maswali mawili mahali pa moja. La kwanza: mandhari ni yapi, yaani tunaonyeshwa nini? La pili: mazingira yanawatenda nini wahusika, na tangu lini? Mwanafunzi akijibu la kwanza tu, ameorodhesha vyombo vya chumba. Akijibu la pili, ameanza kuchambua.

Liko jambo la tatu ambalo mahali funge huliwezesha. Mahali hapo paweza kuigizwa kuwa mahali pengine. Shahidi mmoja, mzee mwenye kilema cha mguu, alidai kwamba alitoka kitandani akafika mlangoni kwa sekunde 15 na kumwona kijana akikimbia. Mjumbe wa Nane anaomba ramani ya nyumba, anapima hatua humo humo chumbani, futi 12 hadi mlango wa chumba cha kulala na futi 43 za ujia, kisha anatembea kwa kuchechemea huku mwenziwe akishika saa. Inakuwa sekunde 41. Kwa dakika chache chumba cha mahakama kimekuwa nyumba ya shahidi. Mahali pa namna hii tungependa paitwe mahali pa kuigizwa, kupambanua na mahali pa tukio ambako wahusika wenyewe wamo.

Wahusika: nani anahusika?

Istilahi mhusika imetokana na husika. Mhusika ni mtu ambaye jambo linamhusu. Katika hadithi nyingi hatuikumbuki maana hiyo, lakini sinema hii inaifufua. Wajumbe wengi wanaingia chumbani wakiamini kwamba jambo haliwahusu. Mjumbe wa Saba ana tiketi za mchezo wa besiboli wa jioni hiyo. Mjumbe wa Kumi na Mbili, mtu wa matangazo ya biashara, anachorachora karatasi. Safari ya sinema ni safari ya watu wasiohusika kuwa wahusika, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja kwa njia yake.

Wote wanatajwa kwa namba. Majina ya wawili tu, Mjumbe wa Nane na Mjumbe wa Tisa, ndiyo yanayosikika, tena mwisho kabisa, nje ya jengo. Kwa kuwa majina hayapo, usawiri wa wahusika hutegemea mambo mengine: kazi, mavazi, namna ya kukaa, na hasa kile ambacho kila mmoja ameweza kukiona kutokana na maisha yake. Mjumbe wa Tano alikulia katika mtaa wa mafukara, ndiye ajuaye namna kisu cha kufyatuka kinavyoshikwa. Mjumbe wa Tisa ni mtu mzima sana, ndiye aliyeitambua hamu ya shahidi mzee ya kusikilizwa walau mara moja. Mjumbe wa Kumi na Moja ni fundi wa saa aliyehamia kutoka Ulaya, ndiye anayeithamini desturi ya mahakama kuliko waliozaliwa nayo.

Walimu wamezoea kuwagawa wahusika kuwa bapa na duara: bapa ni yule asiyebadilika, duara ni yule anayekua na kutushangaza. Mgawanyo huu wafaa, ila katika sinema hii una mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba aliyebadili kura amebadilika. Mjumbe wa Saba anabadili kura kwa kuwa amechoka, na Mjumbe wa Kumi na Moja anamkemea kwa hilo. Kura imegeuka, mtu yu vile vile, amebaki bapa. Mtego wa pili ni kudhani kwamba mhusika mkuu lazima awe duara. Mjumbe wa Nane ndiye mhusika mkuu bila ubishi, lakini tabia yake mwanzoni na mwishoni ni moja. Anayegeuka mbele yetu ni mpinzani wake mkali, Mjumbe wa Tatu. Huyu ana mwana waliyegombana naye, na picha ya mwana huyo imo katika pochi yake. Mwisho, akiwa amebaki peke yake, anaichana picha hiyo, analia, anakubali. Ndipo sisi na yeye tunapojua kwamba muda wote kesi aliyokuwa akiihukumu ilikuwa nyingine.

Wahusika na mazingira hukutana katika miili yao. Mjumbe wa Nne, mtu wa soko la hisa, haondoi koti. Akiulizwa kama huwa hatoki jasho, anajibu kwamba hatoki. Baadaye anaulizwa alifanya nini siku chache zilizopita, anaikosea sinema aliyoitazama, na jasho linamtoka usoni. Tone hilo lina uzito kuliko hotuba. Kadhalika Mjumbe wa Kumi anapomwaga maneno ya chuki juu ya watu wa mtaa wa kijana yule, wenzake wanainuka mmoja mmoja na kumpa kisogo. Hawawezi kutoka chumbani, kwa hiyo wanatoka mezani. Mahali funge huwalazimisha watu kusema kwa miili yale ambayo mlango ungewasemea.

Wapo pia wahusika ambao hatukai nao. Kijana tunamwona mara moja tu, mwanzoni. Mzee mwenye kilema, na mwanamke aliyedai kuona mauaji kupitia madirisha ya gari la moshi lililokuwa likipita, hatuwaoni kamwe. Lakini tunawajua, kwa kuwa wajumbe wanawasimulia. Tunapendekeza hawa waitwe wahusika wa kusimuliwa. Mfasiri awe mwangalifu nao, maana uhai wao wote umo katika maneno.

Maneno ya mahakama na maneno ya heshima

Kwanza ni jina la kundi lenyewe. Wafasiri wengi huandika wazee wa baraza. Jina hili litawapotosha wasomaji wa Afrika Mashariki. Wazee wa baraza walioketi na majaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania kwa miongo mingi walikuwa washauri: kila mmoja alitoa maoni yake, na jaji hakulazimika kuyafuata. Nchini Kenya utaratibu wa wazee hao ulifutwa mwaka 2007. Katika sinema yetu watu kumi na wawili hawashauri. Wanaamua, na jaji hana sauti juu ya hatia. Msomaji akidhani kwamba ni washauri, hataona sababu ya mtu kukesha akibishana. Jopo nalo limezoeleka kwa majaji wanaoketi pamoja. Sisi tumetumia baraza la uamuzi, na mtu wake mjumbe.

Pili ni kauli moja. Watumishi wa serikali waandikao kumbukumbu za vikao wanajua kwamba wingi wa kura ni jambo jingine na kauli moja ni jambo jingine. Kwa wingi wa kura sinema hii ingekwisha katika dakika chache za kwanza, na kijana angekufa.

Tatu, na zito kuliko yote, ni kipimo cha ushahidi. Imezoeleka kuandikwa pasipo shaka lolote. Tafsiri hiyo inazidisha. Sheria hiyo haidai kutokuwapo shaka la kila namna, kwani hakuna jambo la binadamu lisiloweza kutiliwa shaka na mtu mbishi. Inadai kutokuwapo shaka lenye msingi, yaani shaka ambalo mtu mwenye akili timamu aweza kulitolea sababu. Tukiandika shaka lolote, Mjumbe wa Nane ameshinda tangu kura ya kwanza, na Mjumbe wa Nne anaonekana mkaidi. Tukiandika shaka lenye msingi, tunamwelewa Mjumbe wa Nne kuwa mtu wa haki anayengoja sababu, naye anakubali pale sababu inapopatikana: alama za miwani kwenye pua ya shahidi mwanamke.

Nne ni namna ya kuitana. Hapa Kiswahili kinampa mfasiri chombo ambacho lugha ya asili haina kwa wingi. Mjumbe wa Tatu anapomfokea Mjumbe wa Tisa, Mjumbe wa Sita, mpaka rangi, anamtisha kwamba hatavumilia mtu mkubwa kusemwa vile. Mfasiri aliyewafanya wote waitane bwana tangu mwanzo amejifunga. Afadhali wenzake wamwite mzee, na Mjumbe wa Tatu peke yake amnyime neno hilo. Msikilizaji wa Kiswahili atajua tabia ya mtu huyo kabla hajapaza sauti.

Istilahi zinazopendekezwa

Mahali funge: mahali ambapo mhusika hawezi kuondoka hata akitaka.
Mahali finyu: mahali penye nafasi ndogo, pawe funge au pasiwe.
Mahali pamoja: mahali pa hadithi isiyohamahama.
Mahali pa kuigizwa: mahali pengine panapoundwa na wahusika ndani ya mahali pa tukio.
Mandhari: yale yanayoonyeshwa kwa mtazamaji.
Mazingira: hali zinazomzunguka mhusika na kumtenda.
Mhusika wa kusimuliwa: mhusika ajulikanaye kwa maneno ya wengine.
Baraza la uamuzi: kundi la raia waamuao hatia mahakamani.
Shaka lenye msingi: shaka linaloweza kutolewa sababu.

Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa kazi. Neno linalotuwezesha kuona tofauti iliyokuwa imejificha ni istilahi. Lisilotuwezesha ni jina tu. Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayajaribu katika maandishi ya chini ya picha, ambamo nafasi ni ndogo na kila neno lina kazi. Pale yatakapoonekana kupwaya, watuandikie na kupendekeza yaliyo bora. Baraza la istilahi nalo hukaa mezani likabishana mpaka maana ipatikane, na halipaswi kuharakisha kura ya kwanza.